Vitamini D na uwezo wa mwanamke kupata mimba

Vitamini D na uwezo wa mwanamke kupata mimba ni mada ya tiba na lishe inayochunguza kama kiwango cha vitamini D katika damu kina athari katika uwezo wa mwanamke kushika mimba, kuitunza na kuzaa mtoto hai.

Vitamini D inajulikana zaidi kwa kazi yake ya kuimarisha mifupa. Hata hivyo, viungo vya uzazi vya mwanamke navyo vina sehemu za kuipokea, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanawake wenye kiwango cha kutosha hupata mimba kwa wingi kidogo kuliko waliopungukiwa. Jaribio kubwa ambamo wanawake walipewa vitamini hiyo ili kuona kama watapata mimba zaidi halikuonyesha faida hiyo. Kwa sababu hiyo, upungufu wa vitamini D unafaa kurekebishwa kwa ajili ya afya ya mwili mzima, lakini vidonge vyake havijathibitishwa kuwa dawa ya ugumba.

## Vitamini D ni nini

Ingawa huitwa vitamini, dutu hii hufanya kazi kama homoni, yaani kemikali inayotengenezwa katika sehemu moja ya mwili na kusafirishwa na damu ili kutoa maagizo katika sehemu nyingine. Huyeyuka katika mafuta, si katika maji, na mwili huweza kuihifadhi kwa muda mrefu.

Kuna aina kuu mbili. Vitamini D2 (ergokalsiferoli) hupatikana katika uyoga na hamira iliyopigwa na mwanga wa jua au taa maalumu. Vitamini D3 (kolekalsiferoli) hutengenezwa katika ngozi ya binadamu, na hupatikana pia katika vyakula vitokanavyo na wanyama.

Safari yake mwilini ina hatua tatu:

1. Miale ya urujuanimno ya aina ya B kutoka kwenye jua hupiga ngozi na kubadili aina fulani ya kolesteroli iliyomo humo kuwa vitamini D3.
2. Ini huibadili vitamini hiyo kuwa kalsidioli. Hii ndiyo hupimwa maabara mtu anapotaka kujua kiwango chake cha vitamini D.
3. Figo huibadili kalsidioli kuwa kalsitrioli, ambayo ndiyo homoni yenyewe inayofanya kazi. Viungo vingine, pamoja na kondo la nyuma wakati wa ujauzito, vinaweza pia kufanya hatua hii ya mwisho.

Kazi kubwa ya kalsitrioli ni kusaidia utumbo kufyonza madini ya kalisi na fosforasi kutoka kwenye chakula. Ikikosekana, watoto hupata ugonjwa wa matege na watu wazima hupata ulaini wa mifupa.

## Uhusiano na viungo vya uzazi

Homoni haiwezi kufanya kazi mahali pasipo na kipokezi chake, kama vile ufunguo usivyo na faida pasipo na kufuli. Vipokezi vya vitamini D vimegunduliwa katika ovari, katika ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, katika kondo la nyuma na katika tezi pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo huongoza mzunguko wa hedhi. Ugunduzi huo ndio uliowafanya wataalamu wajiulize kama vitamini hii ina kazi katika uzazi.

Njia zinazodhaniwa kutumika ni hizi:

* Katika ovari, majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba vitamini D huchangia utengenezaji wa homoni za kike, estrojeni na projesteroni.
* Katika mfuko wa uzazi, huathiri jeni zinazouandaa ukuta wa ndani kupokea yai lililotungishwa ili lijishikize.
* Katika kinga ya mwili, husaidia kutuliza askari wa mwili wasikishambulie kiinitete, ambacho nusu ya urithi wake hutoka kwa baba na hivyo ni kigeni kwa mwili wa mama.

Ikumbukwe kwamba mengi ya mambo haya yameonekana katika seli zilizokuzwa maabara au katika wanyama. Kuwapo kwa kipokezi mahali fulani hakuthibitishi kwamba kuongeza vitamini kutaongeza mimba.

## Historia ya utafiti

Vitamini D iligunduliwa kutokana na juhudi za kutibu matege, ugonjwa uliowasumbua sana watoto wa miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi na majengo yaliyosongamana yalizuia jua. Mwaka 1919 daktari Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwamba mbwa waliofugwa ndani walipata matege, na kwamba mafuta ya ini la samaki yaliwakinga. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky wa Berlin, Ujerumani, aliwaponya watoto wenye matege kwa taa ya miale ya urujuanimno. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum na wenzake walitofautisha dutu hiyo na vitamini A, na kwa kuwa vitamini A, B na C zilikuwa zimekwisha kupewa majina, hii ikaitwa D. Mjerumani Adolf Windaus alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1928 kwa kazi iliyohusu muundo wa dutu za jamii hiyo.

Suala la uzazi lilikuja baadaye. Mwaka 1980 watafiti Bernard Halloran na Hector DeLuca wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa panya jike walionyimwa vitamini D. Panya hao waliweza kuzaa, lakini uwezo wao wa uzazi ulipungua kwa takriban robo tatu, na idadi ya watoto kwa kila uzao ilipungua pia.

Jambo hilo lilileta swali jipya: je, panya hao walikosa vitamini D yenyewe, au walikosa kalisi ambayo vitamini hiyo husaidia kuifyonza? Mwaka 2001 DeLuca na mwenzake Lori Johnson walichapisha jaribio kwa panya wadogo waliozaliwa bila vipokezi vya vitamini D. Walipopewa chakula chenye kalisi nyingi, panya hao waliweza kuzaa. Maana yake ni kwamba, angalau kwa panya, sehemu kubwa ya tatizo ilitokana na upungufu wa kalisi, na vitamini D ilihusika kwa njia ya kuzunguka.

## Tafiti kwa wanawake

### Tafiti za uchunguzi

Katika utafiti wa uchunguzi, wataalamu hupima kiwango cha vitamini D cha wanawake wengi, kisha hufuatilia nani atapata mimba. Hawawapi wanawake hao kitu chochote kwa ajili ya swali hilo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ulichapishwa mwaka 2018 nchini Marekani. Ulihusu wanawake 1,191 waliokuwa wamewahi kuharibikiwa mimba mara moja au mbili na waliokuwa wakijaribu kushika mimba tena. Wale waliokuwa na kiwango cha kutosha kabla ya mimba walikuwa na uwezekano wa kushika mimba uliozidi ule wa wenzao kwa asilimia 10, na wa kuzaa mtoto hai kwa asilimia 15.

Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walijumlisha tafiti 11 zenye jumla ya wanawake 2,700 waliotibiwa ugumba kwa utungisho wa nje ya mwili au njia nyingine za kitaalamu. Hapa pia, wenye kiwango cha kutosha walizaa watoto hai kwa wingi zaidi. Watafiti wenyewe walionya kwamba matokeo hayo hayathibitishi kuwa vitamini D ndiyo sababu.

### Jaribio la kulinganisha

Ili kujua kama kitu ni sababu, hufanyika jaribio ambamo watu hugawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja hupewa dawa yenyewe na jingine hupewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa.

Jaribio la namna hiyo lilifanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2021. Wanawake 630 wenye uzito wa kawaida na kiwango cha vitamini D chini ya nanogramu 30 kwa mililita waligawanywa kabla ya utungisho wa nje ya mwili. Nusu yao walipewa dozi moja kubwa ya yuniti za kimataifa 600,000 za vitamini D3. Waliopata mimba walikuwa asilimia 37 katika kundi la vitamini na asilimia 40 katika kundi lisilopewa. Tofauti hiyo ni ndogo na inaweza kutokea kwa bahati tu. Kwa hiyo vitamini haikusaidia.

Wakosoaji wa jaribio hilo husema kwamba dozi moja kubwa si sawa na dozi ndogo ya kila siku, na kwamba halikulenga wanawake wenye upungufu mkubwa pekee.

## Kwa nini matokeo yanatofautiana

Aina hizi mbili za utafiti zinaonekana kupingana, lakini kuna maelezo. Kiwango cha vitamini D ni kama kioo kinachoonyesha maisha ya mtu kwa jumla. Mwanamke mwenye kiwango kizuri mara nyingi hutoka nje, hufanya mazoezi au kazi za mwili na hula samaki na mayai. Mambo hayo yenyewe humsaidia kushika mimba.

Uzito wa mwili ni mfano ulio wazi. Kwa kuwa vitamini D huyeyuka katika mafuta, kwa mtu mnene husambaa katika mafuta mengi ya mwili, na kiasi kinachobaki katika damu huwa kidogo. Unene huohuo huweza kuvuruga hedhi na upevukaji wa mayai. Hivyo upungufu wa vitamini na ugumu wa kupata mimba vinaweza kwenda pamoja bila kimoja kusababisha kingine, kama ndugu wawili waliozaliwa na mama mmoja.

## Magonjwa ya uzazi yanayohusishwa na upungufu

### Sindromu ya ovari zenye vifuko vingi

Huu ni mvurugiko wa homoni unaowapata takriban asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake ni hedhi zinazochelewa au kukosekana, chunusi na nywele nyingi usoni. Ni moja ya sababu kuu za mayai kutopevuka. Wengi wa wanawake hao huwa na kiwango cha chini cha vitamini D, hasa walio wanene. Matibabu yenye uthibitisho zaidi ni kupunguza uzito kwa wanaohitaji na dawa za kupevusha mayai zinazotolewa na daktari.

### Uvimbe wa fibroidi

Fibroidi ni uvimbe usio saratani unaoota katika misuli ya mfuko wa uzazi. Huwapata zaidi wanawake weusi, na kutegemea mahali ulipo unaweza kuzuia mimba au kuiharibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanawake 1,036 wa Washington, D.C., wenye umri wa miaka 35 hadi 49, ulionyesha kwamba wenye vitamini D ya kutosha walikuwa na uwezekano wa kuwa na fibroidi uliopungua kwa asilimia 32. Huo nao ni utafiti wa uchunguzi, si jaribio.

## Jua, ngozi na mavazi

Watu wengi hudhani kwamba anayeishi katika nchi yenye jua hawezi kupungukiwa vitamini D. Kwa kweli, jambo la maana si jua lililo angani bali jua linalofika kwenye ngozi. Mambo yanayozuia ni haya:

* Melanini, yaani rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile.
* Mavazi yanayofunika sehemu kubwa ya mwili.
* Kukaa ndani ya nyumba, ofisi, kiwanda au gari. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto lakini huzuia miale ya aina ya B.
* Saa na majira. Jua la mapema asubuhi na la jioni lina miale michache ya aina hiyo. Kanuni rahisi ni kwamba kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko mtu mwenyewe, ngozi hutengeneza vitamini D kidogo sana. Katika miji ya kaskazini kama London na Stockholm hali huwa hivyo mchana kutwa wakati wa baridi.

Tanzania imetoa mfano mashuhuri. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha ya asili, wakishinda nje siku nzima. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita (sawa na nanogramu 46 kwa mililita), kiwango kilicho juu kuliko cha wakazi wengi wa miji ya Ulaya.

Picha ya bara zima ni tofauti. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 23 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti ambao baadhi yao ni wa kituo cha utafiti cha Kilifi, Kenya, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya watu waliopimwa walikuwa chini ya nanomoli 50 kwa lita. Wanawake walikuwa na viwango vya chini kuliko wanaume, na watu wa mjini kuliko wa vijijini.

Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali mwaka mzima, upungufu ni wa kawaida kwa wanawake kwa sababu ya joto linalowafanya watu wakae ndani na kwa sababu ya mavazi. Hali ni hiyohiyo kwa wanawake wengi wa asili ya Afrika wanaoishi Ulaya Kaskazini. Wanaovaa hijabu au nikabu hawana haja ya kubadili mavazi yao, kwa kuwa wanaweza kuota jua katika ua uliositirika, au kutumia chakula na vidonge. Watu wenye ualbino nao wasiache kujikinga na jua kwa ajili ya vitamini hii, kwa kuwa hatari ya saratani ya ngozi kwao ni kubwa.

## Upimaji

Damu hupimwa kiasi cha kalsidioli. Maabara hutumia vipimo viwili, na nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Ni muhimu kusoma kipimo kilichotumika, maana 30 ya kwanza ni kiwango kizuri na 30 ya pili ni upungufu.

| Nanogramu kwa mililita | Nanomoli kwa lita | Maana inayotumiwa na wengi |
|---|---|---|
| Chini ya 12 | Chini ya 30 | Upungufu mkubwa |
| 12 hadi 20 | 30 hadi 50 | Kiwango kisichotosha |
| Zaidi ya 20 | Zaidi ya 50 | Kinatosha watu karibu wote |

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu mipaka hiyo. Baadhi ya madaktari wa uzazi hutaka nanogramu 30 au zaidi. Si lazima kila mwanamke anayetafuta mtoto apimwe. Kipimo hiki kina gharama, na hufaa zaidi kwa mwenye dalili au mwenye sababu ya kupungukiwa.

## Vyanzo vya chakula

Vyakula vyenye vitamini D kwa asili ni vichache. Samaki wenye mafuta kama vibua, sardini na salmoni ndio wenye kiasi kikubwa. Kiini cha yai na maini vina kiasi kidogo. Katika nchi kadhaa maziwa au siagi ya mimea huongezewa vitamini hii kiwandani. Nafaka, ndizi, maharagwe na mboga za majani hazina vitamini D ya maana, ingawa zina faida nyingine nyingi.

## Vidonge na hatari ya kuzidisha

Kiasi kinachopendekezwa Marekani kwa mtu mzima hadi umri wa miaka 70, akiwemo mjamzito na anayenyonyesha, ni yuniti 600 (mikrogramu 15) kwa siku. Kiasi kisichofaa kuzidishwa bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000 kwa siku.

Kwa kuwa ziada haitoki kwa urahisi katika mkojo, dozi kubwa za muda mrefu huweza kupandisha kalisi katika damu. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kiu kali, kukojoa mara kwa mara na udhaifu. Figo zinaweza kupata mawe au kuharibika. Jua peke yake halileti sumu hii, kwa sababu ngozi huvunja vitamini inayozidi.

Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A nyingi pia. Vitamini A ikizidi katika miezi ya kwanza ya mimba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo anayetafuta mimba hashauriwi kuyatumia kama chanzo cha vitamini D.

Kuhusu ujauzito wenyewe, Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge vya vitamini D kwa kila mjamzito, bali linakubali yuniti 200 kwa siku kwa anayedhaniwa kuwa na upungufu. Jaribio lililofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 2,300 wenye virusi vya UKIMWI, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba yuniti 3,000 kwa siku hazikupunguza idadi ya watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba wala kudumaa kwao walipofikia mwaka mmoja.

Vidonge hivi si sawa na vile vya asidi ya foliki. Asidi ya foliki ina uthibitisho wa kumkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, na hupendekezwa mikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya kushika mimba.

## Nafasi yake katika matibabu ya ugumba

Ugumba humaanisha kutopata mimba baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake.

Katika Afrika kusini mwa Sahara sababu kubwa kwa wanawake ni kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na maambukizi kama kisonono na klamidia, au yanayotokea baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Mirija iliyoziba haifunguliwi na vitamini yoyote. Aidha, hadi nusu ya ndoa zenye tatizo hili huwa na sababu upande wa mwanamume, ingawa mara nyingi ni mwanamke peke yake anayelaumiwa na kuhangaishwa kwa dawa. Kipimo cha shahawa ni rahisi na kinafaa kufanywa mapema.

Hatari kubwa ya kutegemea vidonge ni kupoteza muda. Mwanamke mwenye umri wa miaka 35 au zaidi hushauriwa kumwona mtaalamu baada ya miezi 6 tu, kwa sababu idadi na ubora wa mayai hupungua kadiri umri unavyosonga. Akipatikana na upungufu wa vitamini D, hutibiwa upungufu huo huku uchunguzi wa sababu nyingine ukiendelea kwake na kwa mwenzi wake kwa wakati mmoja.

## Tazama pia

* Asidi ya foliki
* Hedhi
* Matege
* Ugumba
* Vitamini